Nilimwambia Mwalimu Inakaa

Mwalimu alinipigia simu Jumanne jioni, nikiwa dukani kwangu Nkende, mjini Tarime, nimezungukwa na watu watatu wanaotaka vitu vitatu tofauti. Fundi cherehani wa jirani alikuwa anasubiri nimchapie bango la duka lake. Mzee mmoja alitaka picha ndogo za kubandika kwenye fomu. Mama mwenye mtoto mgongoni alitaka nimtolee nakala za vyeti, na mtoto alikuwa analia. Sauti ya Mwalimu ilikuja vipande vipande, maana kule Ikoma anakoishi mtandao haupatikani hivi hivi. Ili apige simu lazima atoke, apande kwenye msingi wa tenki la maji nyuma ya nyumba, asimame pale kama anayeangalia ng'ombe waliopotea.

"Mwanangu, nina swali moja tu," alisema. "Kile chuma cha kupozea cha kompyuta yangu ya zamani, kile chenye feni. Kitakaa kwenye hii mpya?"

"Shikamoo Mwalimu. Kina miguu minne?"

"Marahaba. Ndiyo, minne."

"Na kwenye ubao mpya matundu ni manne?"

"Manne."

"Basi inakaa."

Akashukuru, simu ikakatika. Nikarudi kwenye bango la fundi cherehani.

Huyu Mwalimu ni mama aliyenifundisha fizikia sekondari, miaka mitatu. Alikuwa mkali, na alikuwa na tabia ya kumwita msichana mbele ya darasa, kumpa rula, na kumwambia apime kitu ambacho kila mtu alishakubali urefu wake. Alipostaafu alirudi kwao Ikoma. Watu walidhani atalima na kufuga kuku apumzike. Badala yake alinunua kinasa sauti kidogo akaanza kuzunguka kwa wazee, akiwarekodi wakizungumza Kiikoma: majina ya nyasi, majina ya upepo, jinsi ya kumwita ndama, jinsi ya kumlilia mtu aliyefia mbali. Kisha anakaa kwenye kompyuta, anasikiliza, anaandika neno kwa neno. Hiyo kompyuta nilimuunganishia mimi, kwa vifaa vilivyotumika.

Msimu huu wa mvua umeme ulikuja kwa fujo ukaua ubao mkuu, ule ambao mafundi tunauita madabodi. Mpwa wake, fundi umeme kwenye hoteli moja ya watalii karibu na geti la hifadhi, alikwenda likizo Arusha akamletea madabodi mpya na prosesa, ule ubongo wa kompyuta, mpya kabisa, ya toleo la karibuni. Hakuleta hitisinki. Hitisinki ndicho hicho chuma cha kupozea: rundo la mabati membamba, feni juu yake, kinakaa mgongoni mwa prosesa kuondoa joto. Bila hicho prosesa haifanyi kazi hata dakika moja ya maana. Wakasema watatumia ile ya zamani, kwani ilikuwa nzima. Mpwa alikuwa na mapumziko Alhamisi, na Alhamisi asubuhi ndiyo wangeunganisha.

Nilipomwambia inakaa sikuwa nadanganya. Kwa miaka mingi, kila kampuni inayotengeneza prosesa hizo ilipozibadilisha, matundu manne ya kufungia hitisinki yalibaki palepale. Ungeweza kutoa hitisinki kwenye mashine chakavu ukaipeleka kwenye mashine iliyotoka miaka mingi baadaye, ikaingia. Nilifanya hivyo mara nyingi mpaka nikaacha kufikiria. Niliwahi kusoma mahali kwamba matoleo mapya yamebadilishwa, lakini nilisoma kama mtu anavyosoma habari za mvua za mkoa mwingine. Mezani kwangu prosesa hizo zilikuwa hazijafika, kwa hiyo kichwani mwangu zilikuwa hazipo.

Jumatano mchana ikafika. Mfanyabiashara mmoja wa nafaka anayevuka mara kwa mara mpaka wa Sirari aliniletea kompyuta yake mpya, imejaa vumbi, inajizima. Nikaifungua. Nikatoa hitisinki yake niisafishe, na wakati inakauka nikaona nijaribishie nyingine ya zamani iliyokuwa kwenye boksi la vifaa, nijue kama tatizo ni feni au kitu kingine. Nikaiweka juu. Mguu wa kwanza ukaingia. Wa pili ukagoma. Nikauinamisha, ukaingia nusu, wa kwanza ukachomoka. Nikachukua rula ya chuma. Kutoka mguu hadi mguu, milimita sabini na tano. Kutoka tundu hadi tundu, sabini na nane.

Nilikaa kwenye kiti na rula mkononi. Mwenye mashine akaniuliza, "Vipi fundi, imekufa?"

"Yako haijafa," nikamwambia, tayari naitafuta simu.

Namba ya Mwalimu haikupatikana. Nikapiga tena. Nikaandika ujumbe: *Mwalimu msifunge hitisinki ya zamani, haikai, nisamehe.* Haukufika. Namba ya mpwa wake sikuwa nayo. Nikampigia mtu ninayemfahamu Mugumu, mji ulio jirani na Ikoma, akaniambia mnara wa upande wa Ikoma umezimika tangu asubuhi na hajui lini utawaka.

Lazima nieleze kwa nini milimita tatu zilininyima raha namna ile. Prosesa yenyewe haingeungua. Hizi za sasa zikizidiwa joto zinajizima zenyewe. Kilichonitisha ni mikono. Miguu ya hitisinki ile ni ya plastiki, inabonyezwa kwa nguvu mpaka ilie ta. Mtu aliyeambiwa na fundi kwamba inakaa, akiona mguu hauingii, hasemi haikai. Anasema sijabonyeza vizuri. Anaongeza nguvu. Ubao unapinda, na ndani ya ubao kuna njia za shaba nyembamba kuliko unywele. Nilishawahi kuua madabodi ya zahanati moja hivyo hivyo, nilipokuwa bado najifunza. Ilitoa sauti ndogo, kama kuvunja ukucha. Haikuwaka tena, na sikuwahi kuwaambia sababu ya kweli.

Jioni hiyo sikuweza kukaa. Nilipika ugali ukaungua chini. Nikatoka nje kujaribu simu, nikarudi, nikatoka. Mume wangu alikuwa anakunja nguo, akaniangalia.

"Si umpigie tena?"

"Haipatikani."

"Basi mtandao ukirudi atapata ujumbe wako."

"Ukirudi kesho saa sita? Wanafunga asubuhi."

"Wakishindwa si wataacha?"

"Hawataacha. Nimewaambia inakaa."

Akaweka nguo chini. "Wewe ukishaanza kutembea hivyo najua umeshaondoka," alisema. "Nenda. Watoto nitawapeleka shule mimi."

Alfajiri nikawa stendi. Nilibeba bisibisi, rula, kompyuta yangu ya mkononi, waya wa kuunganishia diski na diski moja tupu. Hitisinki ya kufaa sikuwa nayo, na Tarime nzima sikujua pa kuipata siku ile. Nilikuwa naenda Ikoma kuzuia jambo tu.

Gari dogo la kwenda Mugumu lilijaa mapema, nikashukuru. Lakini baada ya safari ya saa nzima na zaidi dereva akaacha njia, akasema lazima apitie Nyansurura kushusha mifuko ya mbegu. Hakuna aliyelalamika isipokuwa mimi. Niliangalia saa, nikaangalia simu, nikaangalia saa. Kule ndani tukakuta ng'ombe wamejaa barabarani, wanatembea bila haraka yoyote, na kijana anayewachunga yuko mbali nyuma. Dereva akazima injini.

"Mbona unazima?" nikauliza.

"Nabana mafuta."

"Piga honi basi!"

Dereva alikuwa mtu mzima, Mkurya mwenzangu. Akageuka taratibu akanitazama. "Baba," akaniambia, "tulia." Kwa Kikurya baba ni mama, na mwanamke wa umri wangu akiitwa hivyo ameheshimiwa. Abiria mmoja aliyetoka mbali akacheka kusikia mwanamke anaitwa baba. Mimi sikucheka. Nilikuwa naiona ile mikono ya mpwa, ambayo sijawahi kuiona, ikiongeza nguvu.

Pale walipopakua mbegu nilishuka nikasaidia kubeba mfuko, ili tu tuondoke. Dereva akaniuliza kama kuna mgonjwa ninayemfuata. Nikasema hapana, ni kompyuta. Akasema, "Kompyuta ya nani inayofanya mtu abebe mbegu za watu?" Nikamweleza habari za Mwalimu, wazee wake na rekodi zake. Kutoka pale mpaka Mugumu aliendesha kwa kasi zaidi.

Mugumu sikusimama hata kunywa chai. Nikachukua bodaboda. Upande ule barabara ni vumbi jekundu, na pundamilia walikuwa wakilisha karibu kabisa na mashamba ya watu. Dereva wa bodaboda alipunguza mwendo akidhani nataka kupiga picha. Nikamgonga bega. "Twende."

Kwa Mwalimu nilifika saa tatu na nusu hivi. Mlango ulikuwa wazi. Kabla sijasema hodi nilisikia sauti ya mwanaume ndani, ikisema, "Huu wa tatu ndio mbishi," na mtu akipumua kama anayebonyeza kitu kwa uzito wa mwili.

"Acha!" nikapiga kelele. "Acha hivyo hivyo! Toa mkono!"

Nikaingia na viatu vyenye vumbi mpaka katikati ya sebule. Mpwa alikuwa ameinamia meza, mtu wa makamo mwenye mabega mapana, mikono imeganda hewani. Mwalimu alikuwa kwenye kiti pembeni, miwani usoni, daftari mapajani. Alinitazama kuanzia viatuni mpaka kichwani.

"Hodi kwanza," alisema.

"Hodi. Shikamoo Mwalimu."

"Marahaba. Karibu. Sasa sema."

"Haikai, Mwalimu. Nilikosea. Hiyo hitisinki haikai."

Mpwa akanyooka. "Si wewe fundi mwenyewe uliyesema inakaa? Mimi nimedhani sina ujuzi nayo, ndiyo maana nalazimisha!"

"Ndiyo. Ni mimi."

Miguu miwili ilikuwa imeshaingia, ya kona mbili za upande mmoja. Wa tatu ulikuwa umelala kwa nje, plastiki imekuwa nyeupe kwa kubanwa. Ubao ulikuwa umepinda kidogo. Ukiinama usawa wa meza uliona mwanga ukipita chini yake. Nilizungusha vifungo viwili polepole, nikavitoa, nikanyanyua hitisinki. 

"Leta hapa," Mwalimu alisema. Akachana karatasi kwenye daftari. Akaiweka juu ya madabodi, akapitisha penseli kwenye matundu manne, akatoboa alama. Akachukua karatasi nyingine akaikandamiza kwenye miguu ya hitisinki. Kisha akanyoosha mkono bila kunitazama, kama darasani, nami nikampa rula.

"Sabini na tano," alisema. Akarudi kwenye karatasi ya kwanza, ya madabodi. "Sabini na nane."

"Milimita tatu," nikasema. "Na si hizo tu. Prosesa mpya iko chini zaidi kuliko ya zamani. Hata tungechonga miguu, chuma kisingeigusa vizuri. Joto lingebaki."

"Hilo ulilijua lini?"

"Jana mchana."

"Na Jumanne uliponijibu?"

"Sikulijua."

"Kwa nini hukusema utapima kwanza?"

Nilikuwa na majibu niliyoyaandaa njiani. Watu walikuwa wengi dukani, mtoto alikuwa analia, simu ilikuwa inakatika. Yote yalikuwa kweli. Nikasema, "Niliona aibu, Mwalimu. Wewe ukiniuliza kitu nataka niwe nakijua."

Alivua miwani akaifuta kwa khanga yake, kwa muda mrefu kuliko vumbi lilivyohitaji. "Umetoka Tarime leo?"

"Alfajiri."

"Umekula?"

"Bado."

"Mletee chai," akamwambia mpwa wake. Akaenda, bado amekasirika, nilisikia vikombe.

Tulipokuwa wawili tu, aliuliza kwa sauti ndogo kitu ambacho nadhani kilikuwa moyoni mwake tangu umeme ulipoleta fujo. "Sauti za wazee. Zipo?"

Hapo ndipo nilipogundua kwamba hakuna mtu aliyemweleza kuwa sauti zinakaa kwenye diski. Wiki zote hizo alikuwa anaamini kwamba rekodi ziko ndani ya ubao uliokufa, au ndani ya prosesa, au kwamba zitarudi tu endapo mashine mpya itawaka. Ndiyo maana alikubali mpwa alazimishe. Nikafungua kasha la kompyuta yake, nikachomoa diski, nikaiunganisha na kompyuta yangu ya mkononi kwa ule waya. Ilichukua muda kutokea. Sekunde zile nilisikia kila kuku wa uani.

Ikatokea. Mafaili yakajipanga, kila moja ameliandika jina la mzee na mahali. Nikabonyeza moja bila kuchagua.

Sauti ya mwanamke mzee ikajaza sebule. Alikuwa anataja kitu kimoja baada ya kingine, taratibu, na katikati yake sauti ya Mwalimu, ya miaka iliyopita, ikiuliza, na yule mwanamke akicheka kabla ya kujibu. Kiikoma nakielewa nusu nusu, kwa kukaribiana kwake na Kikurya. Nilishika maneno mawili, mvua na mlango.

Mpwa alisimama mlangoni na sinia la chai. Hakusogea.

"Huyo ni mama," aliniambia baadaye kidogo, na kwa kuwa nilikuwa sijaelewa akaongeza, "mama yangu mzazi. Dada yake Mwalimu. Ametuacha mwaka juzi. Sikujua kama alirekodiwa."

"Alirekodiwa mara nne," Mwalimu akasema. "Hukuwahi kuuliza."

Mpwa akawa anashusha sinia juu ya madabodi hasa, nami nikalidaka kabla halijatua. Hapo ndipo wa kwanza kati yetu watatu akacheka siku ile, na alikuwa Mwalimu.

Tulinakili kila kitu kwenye diski tupu, kazi ya zaidi ya saa mbili. Wakati inaendelea niliukagua ubao kwa tochi ya simu, pande zote mbili, nikitafuta ufa. Sikuona. Lakini kutokuona ufa hakumaanishi haupo, na sikuwa na namna ya kuuwasha. Mpwa akapendekeza tuiweke ile hitisinki bila kufunga, aishike kwa mkono, tujaribu dakika moja. Nilikataa. Sikutaka tena kitu cha kushikiliwa kwa mkono siku ile.

Niliondoka bila jibu, na siku nne zilizofuata zilikuwa mbaya kuliko safari. Niliagiza Mwanza hitisinki ya milimita sabini na nane. Muuzaji aliponiambia "inakaa hiyo, usijali," nilimwomba aipime na anitumie picha ikiwa na rula. Akaniona wa ajabu. Nikamwomba na kimo chake, nisije nikakuta kasha halifungi. Akatuma. Basi likaileta mpaka Mugumu, na mimi nikaifuata.

Safari hii Mwalimu na mpwa wake walikuwa wananisubiri. Nilipaka ile dawa ya kupitisha joto, tone dogo katikati ya prosesa. Nikaweka hitisinki. Miguu yote minne ililia ta, ta, ta, ta, bila kulazimishwa, na Mwalimu alihesabu kwa midomo. Nikaunganisha feni. Nikawasha.

Feni ikazunguka. Kioo kikabaki cheusi.

  Mpwa alikuwa anaangalia mikono yake mwenyewe, nami nilijua anachofikiria, kwa sababu nilikuwa nafikiria hicho hicho: ule mguu wa tatu. Nikazima. Nikachomoa vijiti vya kumbukumbu, nikafuta meno yake kwa kitambaa kikavu, nikavirudisha mpaka vikabana pande zote. Nikawasha tena. Tukasubiri. Nikaanza kunyoosha mkono kuzima.

Kikatokea kialama cheupe pembeni mwa kioo, kisha maandishi.

"Ngoja," nikasema, ingawa hakuna aliyekuwa anagusa kitu. Nilifungua ukurasa unaoonyesha joto la prosesa, nikaukodolea macho. Namba ilipanda, ikasimama, ikashuka kidogo, ikasimama. Nilikaa pale nikiiangalia karibu nusu saa. Mpwa aliniuliza kama kuna kitu kibaya. Nikasema hapana. "Basi mbona bado unaiangalia?" Nikaendelea kuiangalia.

Mwisho Mwalimu akavuta kiti chake mbele, akanisogeza kwa kiwiko kama mtoto aliyekalia nafasi ya mtu. Akafungua faili la dada yake. Mpwa akavuta kigoda akakaa karibu naye. Sauti ikaanza. Mwalimu akaandika neno, mpwa akasema hapana, mama hakulitamka hivyo, alilivuta mwishoni. Mwalimu akarudisha nyuma, wakasikiliza tena. "Hajavuta," akasema. "Amevuta, Mama Mdogo, sikiliza." Wakarudia mara ya tatu, wamesogeza vichwa.

Nilikusanya bisibisi zangu. Bodaboda aliyenileta alikuwa amepiga honi mara mbili nje. Nikaaga, nao wakanyanyua mikono bila kugeuka.